Maji ya Kiwanda cha Dawa: Lita Huhesabiwa, Dawa Iliyomo Je?

Kidonge kikavu hakimwoneshi mgonjwa maji mengi yaliyotumika kukitengeneza. Kiwanda cha dawa huhitaji maji ya kuyeyushia kemikali, kupozea mitambo, kuzalishia mvuke na kuoshea matangi kila dawa moja inapoisha na nyingine kuanza. Kwa hiyo viwanda vikubwa hutunza hesabu za maji kama vinavyotunza hesabu za fedha. Mita hufungwa maji yanapoingia, katika kila idara, na yanapotoka. Kiasi kisichojulikana kilikokwenda huashiria bomba linalovuja au mita mbovu. Jumla ya mwaka hugawanywa kwa uzito wa bidhaa, na uwiano ukishuka, kiwanda husifiwa kwa kubana matumizi.

Kwa kiwanda cha antibiotiki, hesabu hiyo haitoshi. Hupima wingi wa maji tu, bila kueleza yamebeba nini.

Patancheru, karibu na jiji la Hyderabad nchini India, ilikuwa na mtambo uliosafisha majitaka ya viwanda vya dawa vipatavyo 90. Mwaka 2007 watafiti wa Sweden, akiwamo Joakim Larsson, walichapisha vipimo vya maji yaliyotoka katika mtambo huo, yaani maji yaliyokwisha kusafishwa. Yalikutwa na siprofloksasini hadi mikrogramu 31,000 kwa lita, kiwango kinachozidi kile cha damu ya mgonjwa anayemeza dawa hiyo. Ilikadiriwa kwamba zilitoka kilo 45 kwa siku, kiasi ambacho Sweden nzima ilikitumia kwa siku 5. Mwaka 2016 Larsson na mwenzake Johan Bengtsson-Palme walipendekeza kikomo cha mikrogramu 0.064 kwa lita ili kuzuia bakteria sugu wasipate nafasi ya kustawi.

Katika maji ya namna hiyo bakteria dhaifu hufa, sugu hubaki na kuzaliana, na vinasaba vya usugu huweza kuhamia kwa bakteria wanaougua nao binadamu. Jambo hili si la India peke yake. Sehemu kubwa ya antibiotiki zinazotumika Afrika Mashariki hutoka huko, na bakteria sugu husafiri pamoja na wasafiri bila kuonesha pasipoti.

Hesabu inayofaa, basi, ni ya dawa yenyewe. Tuseme kiwanda kimetumia kilo 100 za kiambato hai kwa siku: kilo 99 zimo katika vidonge, nusu kilo imekusanywa kama taka na kuteketezwa. Nusu kilo iliyosalia imekwenda na maji. Ikichanganyika na mita za ujazo 1,000 za majitaka, kila lita ina mikrogramu 500. Iwapo dawa hiyo ni siprofloksasini, kikomo kilichopendekezwa kimepitwa zaidi ya mara 7,000. Hapa ndipo sifa ya kubana maji inapodanganya: kiwanda kikipunguza maji kwa nusu bila kupunguza dawa inayopotea, kila lita itabeba mikrogramu 1,000.

Dawa ya tatizo hili huanzia kwenye tangi. Mabaki hukwanguliwa yakiwa makavu kabla ya kuosha, na maji ya suuzo la kwanza, ambayo hubeba sehemu kubwa ya mabaki, hutengwa na kutibiwa peke yake. Vipo pia viwanda vinavyochemsha majitaka yote hadi yakauke ili tone lisitoke nje. Hata hivyo tope linalobaki lina dawa, nalo sharti liteketezwe.

Sheria zimekwenda polepole. India ilitoa rasimu ya viwango vya antibiotiki katika majitaka mwaka 2020, lakini viwango hivyo viliondolewa katika kanuni zilizopitishwa mwaka 2021. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake wa kwanza kuhusu suala hili Septemba 2024, nao si sheria. Ukaguzi wa kawaida wa ubora wa dawa nao huangalia zaidi usalama wa kidonge kuliko mto ulio nyuma ya kiwanda.

Wanunuzi wana nguvu yao. Norway imeingiza mazingira katika alama za zabuni za antibiotiki za hospitali zake. Mfamasia anayeshiriki kuandaa zabuni hapa Afrika Mashariki anaweza kumtaka mzabuni aeleze, kwa maandishi, ni gramu ngapi za kiambato hai hutoka na majitaka ya kiwanda chake kwa siku, na nani aliyepima.