Motokari Imeshuka, Mipira Inaliwa: Kosa Liko Wapi?

Vijana wapendwa, na ninyi wazazi ambao mara nyingi munalipa bei ya mipira,

Jumapili moja kisha ibada, kijana mmoja alinifuata nyuma ya kanisa, mupira wa motokari begani. Iko na Golf GTI, ile ya mtindo wa pili. Alikuwa amenunua resori fupi, akaishusha santimetre 6, ikapendeza kweli. "Baba Pasta, angalia namna walivyoniuzia mipira mibaya," akasema. Upande wa nje kaucho ilikuwa ingali nzuri. Upande wa ndani nyuzi za chuma zilikuwa zimetokea. Mipira ile haikumaliza miezi mine.

Mbele ya kuingia shule ya Biblia nilishika kazi ya garaji miaka kadhaa, kwa hiyo nilimujibu pale pale: mupira hauna kosa. Aliteremusha motokari, lakini hakufanya paralelisme.

Kwa nini watu wanaishusha?

Si juu ya uzuri tu. Uzito ukiwa karibu na udongo, motokari hailali sana katika kona. Golf GTI ya kwanza ilitoka mwaka 1976, na Mazda MX-5 ilionyeshwa Chicago mwaka 1989. Zote mbili ni motokari za chini. Lakini wale waliozichora walipanga kila kitu pamoja: resori, amortisere, mikono ya chini na bare ya direksioni. Kijana wetu alibadilisha kitu kimoja, akaacha vingine vyote mahali pake.

Maneno matatu ya kujua

Karosaje: simama mbele ya motokari, tazama gurudumu. Kama juu yake linaegemea ndani, mafundi wanasema karosaje ni ya kutoa. Kama linaegemea nje, ni ya kuongeza.

Shase (si shasi, ile mifupa ya motokari): ni namna mustari ambao gurudumu linazungukia wakati wa kukata kona unavyolala kuelekea nyuma. Ndiyo inayorudisha volani katikati.

Paralelisme: kama ungeweza kutazama toka juu, je, magurudumu mawili yanaelekea mbele sawasawa, ao yanafunga kama miguu ya mutoto mwenye vidole ndani, ao yanafungua?

Kinachotokea ikishuka

Mukono wa chini ni kama mulango: umefungwa kwa ndani, ncha yake ya nje inapanda na kushuka kwa kuzunguka. Katika Golf, motokari ikiteremuka kidogo, ncha ile inasukumwa nje, na gurudumu linaegemea ndani. Ikiteremuka sana, mukono unapita usawa, ncha yake inaanza kupanda na kurudi ndani. Hapo katika kona gurudumu la nje linasimamia ukingo wa mupira. Tena ile sehemu ambayo motokari inazungukia wakati wa kulala inashuka upesi kuliko uzito wenyewe. Ndiyo sababu motokari iliyoshushwa kupita kiasi inaweza kutaka kulala kuliko mbele, hata dereva anashangaa.

Bare ya direksioni nayo inazunguka kwa duara lake, lisilofanana na la mukono. Kwa hiyo paralelisme inabadilika hata kama hakuna mutu aliyeigusa. Na ukipita katika shimo, magurudumu yanajigeuza yenyewe kidogo. Barabara ikiwa na maji, na mipira imekwisha upande wa ndani, hapo si habari ya feza tena. Ni habari ya wale wanaokaa ndani.

Tufanye hesabu

Wengi wanalaumu karosaje. Ni kweli inakula upande wa ndani, lakini polepole. Mulaji mukubwa ni paralelisme. Pima ukingo wa rimu mbele na nyuma, rimu ya milimetre 350 hivi. Kama gurudumu moja limepotoka milimetre 1 tu, linakokotwa kwa ubavu karibu metre 3 katika kila kilometre. Toka Lubumbashi mpaka Kolwezi ni kilometre 300 hivi: mupira umesuguliwa kwa ubavu karibu metre 850! Golf ya kijana wetu tuliipima, tukakuta milimetre 3 kila upande.

Namna ya kufanya

1. Resori mpya zikiisha kuwekwa, tembeza motokari siku chache zikae vizuri.

2. Angalia rotile na kaucho za mikono. Kitu kinachochezacheza hakipimiki. Buloni za kaucho zikazwe wakati motokari inasimama juu ya magurudumu yake. Ukizikaza ingali juu ya kriki, kaucho inabaki imejipinda, itapasuka upesi.

3. Pima upepo wa mipira, weka motokari mahali pa usawa, mutu wa uzito wa dereva akae ndani.

4. Anza na magurudumu ya nyuma. MX-5 iko na buloni zenye duara lisilokuwa katikati, mbele na nyuma. Ukizizungusha, mukono unasogea. Golf haina hizo nyuma, kwa sababu chuma kimoja kinaunga magurudumu mawili. Kama chuma kile kimepinda, paralelisme ya mbele itakudanganya.

5. Mbele, tengeneza shase na karosaje kwanza. Ning'iniza uzi wenye nati kando ya rimu: kwa rimu ile ya milimetre 350, kila milimetre 6 ya tofauti kati ya juu na chini ni kama degre 1. Wengi wenye MX-5 ya kutembea kila siku wanaridhika na degre 1 hivi ya kutoa.

6. Mwisho kabisa, volani ikiwa katikati, tengeneza paralelisme. Usianze nayo, kwa sababu ukigusa zile mbili, inapotea tena. Fuata namba za kitabu cha motokari yako.

Na kukata resori?

Hapana! Resori ya mizunguko 8 ukiikata ibaki 6, inakuwa ngumu zaidi kwa sehemu moja ya tatu. Amortisere haikupangwa kwa ugumu ule. Gurudumu likining'inia, resori fupi inaweza kutoka mahali pake. Na wale wanaoichoma moto ili ikae chini wanaua nguvu ya chuma chenyewe.

Kijana yule alitafuta resori zingine, zinazoshusha santimetre 3 tu. Tulifunga nyuzi mbili kandokando ya motokari, tukapima tangu saa nane mpaka jua likazama, mama yake akituletea chai. Sasa kila mwisho wa mwezi anapitisha kiganja juu ya mipira, toka ndani kwenda nje, kisha toka nje kwenda ndani. Kama kaucho inakwaruza upande mumoja na kuteleza upande mwingine, anajua paralelisme imepotea, anarudi na nyuzi zake.

Ninyi pia, mbele ya kulala leo, mutoke inje mupitishe kiganja.