Barua Pepe Ikijaa, Invoisi Haifiki

Je, unatumia Gmail kuendesha biashara yako? Basi jua kwamba akaunti ya bure ina GB 15 pekee, na Gmail inagawana nafasi hiyo na Google Drive na Google Photos. Yaani picha za harusi ya binamu na stetimenti za till yako ziko stoo moja. Stoo ikijaa, hutaweza kutuma wala kupokea barua pepe. Mteja akituma LPO, itarudishwa kwake, nawe huku unashangaa mbona kazi imepungua.

Nini hasa inakula nafasi?

Maneno matupu hayana uzito. Mzigo uko kwa viambatisho. Tuseme umetuma orodha ya bei ya MB 5 kwa wenzako 12. Kila mmoja amepata nakala yake, na nyingine imebaki kwako kwa barua zilizotumwa. Hizo ni nakala 13, sawa na MB 65, kwa faili moja tu! Kesho bei ikibadilika unatuma tena, na hesabu inaanza upya.

Fanya hivi:

1. Tuma linki, si faili. Weka faili kwenye Drive mara moja, kisha utume linki. Bei ikibadilika, unarekebisha pale pale. Kama faili ina namba za simu za wateja, ruhusu watu unaowataka pekee waifungue.

2. Usifowadi ovyo. Kwenye Gmail, ukijibu barua, kiambatisho hakirudi nayo. Ukiifowadi, kinaenda nayo.

3. Tafuta mafaili mazito. Kwenye sehemu ya kutafuta, andika larger:5M. Utaona barua zote zinazozidi MB 5. Anza kufuta hapo.

4. Maliza na tupio. Barua uliyofuta hukaa kwenye tupio siku 30, na bado inahesabiwa. Nafasi ukiitaka leo, safisha tupio pia.

Lakini usifute kila kitu

Sheria ya Taratibu za Kodi ya 2015 inataka uhifadhi rekodi za biashara kwa miaka 5. Kwa hivyo kabla ya kufuta, pakua invoisi, risiti na stetimenti, uzihifadhi kwa flash au diski ya nje, ukizipanga kwa mwezi na mwaka. KRA wakiuliza, utakuwa nazo.

Chunga matapeli

Ukipata barua inayosema "akaunti yako imejaa, bonyeza hapa uweke PIN," usiguse. Nafasi ya barua pepe na PIN yako ya pesa hazihusiani hata kidogo. Fungua akaunti yako mwenyewe uangalie nafasi iliyobaki, na PIN yako ibaki siri yako.