Je, Wajua? Miguu Mitatu ya Wagenia

Wavuvi Wagenia wa Kisangani husimamisha miguu mitatu mikubwa ya magogo katikati ya maporomoko ya Mto Kongo. Magogo hukitwa kwenye mashimo ambayo maji yenyewe yameyachimba mwambani, kisha hufungwa kwa kamba za msituni. Migono huning'inizwa hapo, mto ukinguruma chini yake.

Mpiga picha naye hutegemea kanuni hiyohiyo kwa stendi yake ya miguu mitatu. Meza ya miguu minne huyumba sakafu ikiwa na mabonde. Miguu mitatu yote hugusa chini, hata juu ya jabali.

Lakini stendi peke yake haitoshi. Adui wa kwanza ni kidole chako! Ukibonyeza kitufe, kamera hutikisika. Tumia kihesabu cha sekunde 2, ondoa mkono, iache ipige yenyewe.

Kamera yenye kioo ndani ina adui mwingine: kioo kinapopanda, hugonga. Madhara huonekana zaidi picha ikichukua kati ya sehemu ya 1/30 ya sekunde na sekunde nzima. Ndio muda hasa unaogeuza povu la maporomoko ya Wagenia kuwa kama hariri, picha nzuri kuliko zote za pale, kwa macho yangu. Pandisha kioo kwanza, subiri kidogo, ndipo upige.

Upepo wa mtoni ukivuma, ning'iniza begi zito chini ya nguzo ya kati ya stendi. Liguse ardhi kidogo, lisibembee.