Rwenzori, mlima wa nzururu

Mwezi huu sisi walimu wa kujitolea tuongee juu ya mlima ambao wengi wenu mliotoka Beni na Mutwanga mlizoea kuuona, siku mawingu yakikubali kuachana. Watoto waliozaliwa hapa kambini wanaujua kwenye ramani tu.

Rwenzori ni safu ya milima yenye urefu wa kilomita 120 hivi, mpakani mwa Kongo na Uganda. Kilele chake kina mita 5,109. Afrika nzima kinapitwa na Kilimanjaro na Mlima Kenya tu. Na si volkano kama Nyiragongo, hapana. Ni ardhi yenyewe iliyopasuka ikasukumwa juu.

Shuleni watoto wanakariri kwamba kilele kinaitwa Margherita. Huyo alikuwa malkia wa Italia. Jina alilileta Luigi Amedeo, mtu wa ukoo wa kifalme, alipopanda mwaka 1906. Stanley aliiona theluji mwaka 1888. Sawa, lakini Wanande na Wakonzo, ndugu waliogawanywa na mpaka, walikuwa na neno lao zamani: nzururu. Kiswahili chetu kiliazima "theluji" kwa Waarabu, Kinande hakikuazima kitu!

Wazee wanasema kwenye nzururu anakaa Kitasamba, asiyeonekana, na mke wake Nyabibuya, ambaye akina mama humwomba watoto. Msituni yupo Kalisya, mwenye wanyama: nusu mtu, jicho moja, mkono mmoja, mguu mmoja, na kiko mdomoni. Mwindaji asiyempa chake hapati nyama. Tulipowasimulia darasa la tatu, hakuna aliyetaka kwenda nyumbani.

Huko juu lobelia inamzidi mtu kimo, na miti imevaa ndevu za kuvumwani. Maji yake yanaingia Semliki, yanafika Ziwa Albert, halafu Nile.

Ila nzururu inakwisha. Mwaka 1906 barafu ilifunika karibu kilomita 6 na nusu za mraba. Mwaka 2003 haikufika hata 1, juu ya joto la dunia kupanda, na imeendelea kupungua. Mtoto wa leo akirudi siku moja, huenda akaukuta mlima mweusi mtupu.

Kwa hiyo tunawaomba babu na bibi mnaojua majina ya vilele na mito kwa Kinande, mpite darasani jioni baada ya masomo. Daftari tumeshafungua, na majina yaliyomo bado ni machache mno.