Orodha Mbili, Skrini Moja

Mwisho wa mwezi, mtazame mhasibu anayekagua orodha ya mishahara. Amefungua mafaili mawili ya Excel, la mwezi uliopita na la mwezi huu, na kila moja limejaza skrini nzima. Anasoma kiasi kwenye faili la kwanza, anabonyeza Alt na Tab, analitafuta jina lile lile kwenye la pili, kisha anarudi nyuma kuhakikisha. Ukisogea karibu utamsikia akinong'ona: milioni moja, laki mbili, themanini na tano elfu, mia nne. Asiponong'ona, tarakimu zitampotea kabla hajalipata jina.

Kumbukumbu tunayoitumia kushika jambo kwa sekunde chache ni finyu mno. Mwanasaikolojia wa Marekani, George Miller, aliandika mwaka 1956 kwamba inashika vitu saba hivi. Mwaka 2001 Nelson Cowan alipitia majaribio yaliyofuata, akaishusha hesabu hiyo hadi takriban vinne. Kiasi cha 1,285,400 peke yake kina tarakimu saba, na bado kuna jina, cheki namba (namba ya mfanyakazi kwenye orodha ya malipo) na makato. Kwa hiyo kosa linalotokea hapo nakataa kuliita uzembe. Mtu amepewa kazi ya kukumbuka ambayo skrini ingeweza kumfanyia, iwapo tu mafaili yote mawili yangeonekana kwa wakati mmoja.

Waliotengeneza lahajedwali walilijua hili tangu mwanzo. VisiCalc ya Dan Bricklin na Bob Frankston, lahajedwali la kwanza kwa kompyuta ndogo, ilitoka mwaka 1979 kwa ajili ya Apple II, mashine ambayo skrini yake ilionyesha herufi 40 kwa upana na mistari 24 kwa urefu. Jedwali lenyewe lilikuwa na safu wima 63 na safu mlalo 254, kwa hiyo sehemu kubwa yake ilikuwa nje ya macho muda wote. Dawa yao ilikuwa amri ya kuigawa skrini katika madirisha mawili, ambayo mtumiaji aliweza kuyasogeza kwa pamoja au kila moja kivyake. Leo jedwali la Excel lina safu mlalo 1,048,576 na safu wima 16,384. Skrini hazijakua hata karibu ya hapo, na haja ya kugawa imezidi.

Excel ya sasa inayo amri ya aina hiyo kwa mafaili mawili, ila imejificha mahali ambapo wengi hawapiti. Fungua mafaili yote mawili, nenda kwenye kichupo cha View, bonyeza View Side by Side. Kama kuna faili la tatu lililo wazi, programu itakuuliza ulinganishe na lipi. Yakijipanga moja juu ya jingine nawe unayataka ubavu kwa ubavu, amri ya Arrange All iko hapo hapo: chagua Vertical. Kuna wanaoamini kwamba jambo hili haliwezekani bila kufungua Excel mara mbili. Wana sababu, maana kabla ya toleo la 2013 mafaili yote yalikaa ndani ya dirisha moja kubwa. Tangu toleo hilo kila faili lina dirisha lake, na unaweza kulipeleka upande wowote wa skrini.

Mpangilio gani ni bora? Hutegemea unatafuta nini. Ukilinganisha safu wima, kwa mfano bajeti ya mwaka huu na ya mwaka jana zenye miezi 12 kwa upana, weka moja juu ya nyingine ili Januari ikae chini ya Januari. Ukifuatilia mtu mmoja mmoja kwenye orodha ndefu, ziweke ubavu kwa ubavu ili mstari utazamane na mstari. Kwenye laptopu ya kawaida nafasi ni ndogo, kwa hiyo ficha kwanza safu usizozihitaji. Jina, cheki namba, mshahara ghafi na kiasi kinacholipwa vinatosha kwa ukaguzi wa kwanza. Kisha tumia Freeze Panes katika kila faili ili vichwa vya safu visipotee unaposhuka.

Sasa jambo linalowaangusha wengi. Unapowasha View Side by Side, amri nyingine iitwayo Synchronous Scrolling hujiwasha nayo, na kuanzia hapo ukishusha faili moja jingine linashuka pia. Inapendeza kuitazama, na ndiyo hatari yake. Programu haijui kwamba mstari wa 40 upande wa kushoto ni wa mtu yule yule aliye mstari wa 40 upande wa kulia. Inachofanya ni kusogeza hatua sawa pande zote mbili, basi. Akiajiriwa mtu mmoja na jina lake likaingia katikati ya orodha, kila aliye chini yake amesogea hatua moja, nawe utaendelea kulinganisha mshahara wa dereva na wa mlinzi ukidhani ni mtu mmoja. Kwanza panga orodha zote mbili kwa kigezo kimoja, na ninapendekeza cheki namba badala ya jina. Ukikutana na mtu aliyeongezeka, zima Synchronous Scrolling, shusha upande mmoja hadi mistari itazamane tena, kisha iwashe. Kuanzia hapo itaitunza tofauti hiyo mpya ya mistari. Ni kazi ya sekunde chache, na ukaguzi wote unasimama juu yake.

Wakati mwingine vitu viwili unavyotaka kuviona viko ndani ya faili moja: muhtasari katika karatasi ya kwanza, malipo ya Machi katika karatasi ya nne. Watu hutengeneza nakala ya faili ili wapate kuviona vyote, na jioni hawajui tena nakala ipi ina marekebisho. Amri ya New Window, papo hapo kwenye View, hufungua dirisha la pili la faili lile lile na kuongeza 1 na 2 kwenye jina ili usichanganye. Nakala haipo. Ukibadilisha kiasi upande huu, kinabadilika upande ule machoni pako, na jumla ya muhtasari inahesabiwa upya ukiitazama.

Wasiotumia Excel hawajasahauliwa. Tangu Windows 7 ya mwaka 2009, kitufe cha Windows pamoja na mshale wa kushoto au kulia hulibana dirisha lolote kwenye nusu ya skrini. Google Sheets ivute kwa kichupo chake itoke iwe dirisha la peke yake, kisha fanya vivyo hivyo. Simu za Android zimeweza kugawa skrini tangu toleo la 7 la mwaka 2016, ingawa kwa orodha ya mishahara siwezi kumshauri mtu.

Lakini hata mafaili yakikaa sawasawa, jicho lina udhaifu wake. Mwaka 1997 Ronald Rensink na wenzake walichapisha majaribio ambamo picha mbili za mandhari moja, zikitofautiana kwa kitu kimoja tu, zilipishana kwenye skrini, na kati yake kukawekwa utupu wa muda mfupi sana. Watazamaji walihangaika kuona tofauti ambayo ilikuwa kubwa. Utupu ulipoondolewa, waliiona bila shida. Clyde Tombaugh aliigundua Pluto mwaka 1930, huko Lowell Observatory, Arizona, kwa njia ya namna hiyo. Kifaa chake kilizipishanisha picha mbili za eneo moja la anga zilizolingana barabara. Nyota zilitulia, kidoa kimoja kikaruka. Mhasibu hana ulinganifu wa namna hiyo. Macho yake husafiri kutoka kushoto kwenda kulia, na 1,285,400 iliyogeuka 1,258,400 inaweza kumpita.

Kwa hiyo tofauti ndogo itafutwe na kompyuta. Tumia VLOOKUP kwa cheki namba, ulete kiasi cha mwezi uliopita kando ya cha mwezi huu, utoe, kisha uchuje wale tu ambao jibu lao si sifuri. COUNTIF itakuonyesha aliyemo katika orodha moja na hayumo katika nyingine. Serikali ya Tanzania ilipowasaka wafanyakazi hewa mwaka 2016, kiini cha kazi kilikuwa hicho hicho: wanaolipwa dhidi ya walio kazini. Kwa mikataba na ripoti, Word ina amri ya Compare chini ya Review, na LibreOffice nayo ina ya kwake.

Tuseme baada ya kuchuja, orodha ya watu mia tano imebaki na kumi na wanane wa kuulizwa, na hapo ndipo mafaili mawili ubavu kwa ubavu yanapofanya kazi ambayo fomula haiiwezi. Fomula inayolinganisha majina inaona Mohamed na Muhammed ni watu wawili. Wewe unaona akaunti ya benki ni ile ile, tarehe ya kuajiriwa ni ile ile, idara ni ile ile, na aliyebadilika ni karani aliyeandika jina. Fomula inaona mshahara umepanda kwa laki tatu. Wewe unaona cheo kimebadilika kwenye safu ya jirani, ukaitafute barua ya kupandishwa daraja.

Naheshimu sana wanaochapisha orodha moja na kuitiki kwa kalamu huku wakiitazama nyingine kwenye skrini, maana nao wameweka vitu viwili mbele ya macho. Ila ofisi inayonunua rimu za karatasi kila mwezi kwa ajili hiyo ingeweza kununua skrini ya pili mara moja. Iunganishe kwa waya, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na P, uchague Extend. Ukichagua Duplicate, skrini zote mbili zitaonyesha kitu kimoja na hutakuwa umepata nafasi yoyote.