Sura ya Nne: Kabla ya Kuilaumu Shule, Uliza Nani Aliingia

Mwishoni mwa Januari, Baraza la Mitihani la Tanzania linapotangaza matokeo ya kidato cha nne, tovuti yake huelemewa kwa saa kadhaa. Ukibahatika kuufungua ukurasa wa shule, kwanza utakutana na jedwali dogo: wasichana, wavulana, jumla, daraja la I hadi IV, kisha 0. Chini yake kuna orodha ya watahiniwa, kila mmoja na namba yake, jinsi yake, pointi zake na masomo yake: Uraia C, Historia D, Kiswahili B, Hisabati F. Basi. Kuhusu mtoto mwenyewe umeambiwa jambo moja tu, kwamba ni wa kike au wa kiume. Alitoka shule gani ya msingi, aliingia na alama gani, anaishi wapi, anafikaje shuleni na kama anakula mchana, hayo hayamo. Ni kwa ukurasa huohuo tunaamua ipi shule nzuri na ipi ya kukimbiwa.

Sura hii inahusu yale yasiyomo. Kwa mfano nimechukua shule ya kata ya pembezoni mwa Dar es Salaam, aina ya shule utakayoikuta Chanika, Chamazi au Kivule. Sitaji jina la shule yoyote, maana ninachoeleza ni utaratibu, si kosa la mkuu wa shule fulani.

Tuanzie getini. Matokeo ya darasa la saba yakitoka, wenye alama za juu kabisa hupangiwa shule za vipaji maalumu kama Kibaha, Ilboru, Mzumbe, Kilakala na Msalato. Wanaowafuatia huchukuliwa na shule nyingine za bweni na za ufundi. Kufikia hapo familia zenye uwezo zimekwisha kulipia shule binafsi, na seminari zimekwisha fanya usaili wao zenyewe. Wanaobaki ndio wa kata. Shule hiyo inafungua mwaka wanafunzi wake wakiwa wamepitiwa na chekecheo zaidi ya moja, halafu miaka minne baadaye inawekwa kwenye mizani moja na wale waliochagua kwanza.

Na hao waliobaki ni wengi. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari ulianza mwaka 2004, na katika miaka michache iliyofuata shule za kata zikachipuka karibu kila mahali, madarasa yakitangulia na walimu wakifuata baadaye. Januari 2016 ada ya sekondari, shilingi 20,000 kwa mwaka kwa mwanafunzi wa kutwa, ikafutwa. Aliyekuwa akikaa nyumbani kwa kukosa hela hiyo akaingia darasani. Lilikuwa jambo jema, na sina mjadala nalo. Ila ada haikuwa gharama pekee. Sare ipo, madaftari yapo, twisheni ipo, na nauli ipo kila siku ya Mungu.

Nauli ya mwanafunzi kwenye daladala ni shilingi 200. Konda anapiga hesabu zake: kila mwanafunzi anayepanda asubuhi amechukua nafasi ya abiria wa nauli kamili, na bosi anasubiri hesabu jioni. Kwa hiyo gari likifika kituoni, mlango unafunguliwa nusu, watu wazima wanavutwa ndani, watoto wenye sare wanaambiwa wasubiri lijalo. Lijalo nalo linafanya vilevile. Atakayepanda la nne atamkuta mwalimu wa zamu getini akiandika wachelewaji, na akishafagia uwanja kama adhabu, kipindi cha kwanza kimekwisha. Shule nyingi huweka Hisabati asubuhi ili vichwa viwe bado vyepesi. Haishangazi kwamba wanaokosa vipindi hivyo ni walewale wa mbali. Msichana aliyechoka kusukumwa mlangoni akikubali lifti ya bodaboda, hatari yake tunaijua sote. Hadi Novemba 2021, aliyepata ujauzito hakuruhusiwa kurudi katika shule ya serikali baada ya kujifungua.

Kisha kuna lugha. Mtoto wa shule ya msingi ya serikali amesoma miaka saba kwa Kiswahili. Januari ya kidato cha kwanza anabadilishiwa karibu kila kitu, ukiacha somo la Kiswahili lenyewe. Aliyetoka shule ya mchepuo wa Kiingereza anaendelea na safari yake. Huyu wetu anaanza upya. Usanisinuru anaijua, alichorewa jani ubaoni na mishale ya mwanga. Akiulizwa kwa Kiingereza anaandika aya aliyoikariri, iwe inajibu swali au hailijibu. Kitaifa, Kiswahili hufaulisha zaidi ya asilimia 90 ya watahiniwa, ilhali Hisabati mwaka 2023 ilifaulisha takriban robo yao. Lugha si sababu pekee ya pengo hilo, maana walimu wa Hisabati ni wachache na msingi wa watoto wengi ni dhaifu tangu darasa la nne. Lakini anayesema lugha haimo kabisa, mwambie aende akasikilize kipindi cha Fizikia kidato cha kwanza.

Sasa tuje kwenye neno linalotuchanganya kuliko yote: ufaulu. Mwaka 2023 tuliambiwa ufaulu wa kidato cha nne ulikuwa takriban asilimia 89. Idadi hiyo inahesabu daraja la I hadi la IV. Daraja hupatikana kwa kujumlisha pointi za masomo saba yaliyofanywa vizuri zaidi, A ikiwa pointi 1 na F pointi 5, na daraja la IV linaishia pointi 33. Piga hesabu: D mbili ni pointi 8, F tano ni 25, jumla 33. Mtoto aliyepata alama 30 kwa 100 katika masomo mawili na kuanguka katika matano amefaulu. Waliopata daraja la I hadi III mwaka huo walikuwa takriban asilimia 37. Ukitaka kujua shule inafundisha kiasi gani, anza na hao, uache ile ya 89 kwa wanaohutubia.

Hata hiyo 37 inaweza kudanganya. Tubuni shule. Mwaka wa kwanza ina watahiniwa 120: 80 waliingia na alama nzuri za darasa la saba, 40 waliingia kwa kuponea. Nusu ya wale 80, yaani 40, wanapata daraja la I hadi III. Kati ya wale 40, wanapata 4. Jumla 44, karibu asilimia 37. Miaka kadhaa baadaye ada imefutwa na kata imejaa. Wenye alama nzuri bado ni 80, na sasa 44 wanapata. Walioingia kwa kuponea ni 160, na 24 wanapata, yaani asilimia 15 badala ya 10. Makundi yote mawili yamepanda. Jumla ni 68 kati ya 240, asilimia 28. Gazeti litaandika kwamba shule imeporomoka, mkuu wa shule ataitwa ofisini kwa afisa elimu kujieleza, na hakuna atakayegundua kwamba walimu wake wamefanya kazi kuliko zamani.

Je, basi yote ni nyumbani, shule haina lake? Mwaka 1966 Mmarekani James Coleman, baada ya uchunguzi uliohusisha wanafunzi zaidi ya laki tano, aliandika kwamba hali ya familia inaeleza tofauti za matokeo kuliko vifaa vya shule. Walimu wengi walikata tamaa. Mwenzake, Stephen Heyneman, akalipima jambo hilohilo Uganda katika miaka ya 1970, akakuta kinyume: kwa watoto wa darasa la saba, ubora wa shule ulikuwa na uzito kuliko hali ya nyumbani. Mwaka 1983, yeye na William Loxley walilipanua hilo kwa nchi 29. Waliokuja baadaye wamelipinga kwa kiasi fulani, wakisema elimu inapoenea familia hurudi kuwa na nguvu. Mimi naona Dar es Salaam ya leo iko katikati. Vitabu vya kutosha na mwalimu wa Hisabati anayeingia darasani bado vinabadilisha maisha hapa, kuliko Chicago, kwa sababu tunaanzia chini sana.

Liko pia suala la wasiofika kwenye mtihani. Ukurasa wa matokeo unahesabu waliofanya. Ambao utoro uliwamaliza kidato cha pili hawapo, na baadhi ya shule binafsi zina alama zao za kuvuka darasa; asiyezifikia anarudia au anahama, mara nyingi kuja kata. Bango la shule hizo barabarani, lenye sifuri kwenye daraja la IV na sifuri kwenye 0, halikuambii walioingia kidato cha kwanza walikuwa wangapi. Liulize.

Januari 2023 Baraza liliacha kutangaza shule kumi bora. Lilifanya vizuri, lakini lilisimama nusu ya njia. Kila mwanafunzi ana namba ya utambulisho, iitwayo namba ya PReM, tangu shule ya msingi, hivyo alama aliyoingia nayo na aliyotoka nayo zinaweza kuunganishwa bila kutaja jina lake. Wazazi, madiwani na wabunge tuombe jedwali la namna hiyo lichapwe kwa kila shule: waliingiaje, wangapi walibaki, walitokaje.