Je, Wajua? Studio Iliyoanza na Tandiko la Kitanda

Seydou Keïta alifungua studio ya picha nyumbani kwake mjini Bamako, Mali, mwaka 1948. Aliwapiga wateja picha uani kwa mwanga wa jua, na kitambaa chake cha kwanza cha nyuma kilikuwa tandiko la kitanda chake mwenyewe. Mwaka 1994 picha zake zilionyeshwa Paris, na leo anahesabiwa miongoni mwa wapigapicha wakubwa wa Afrika.

Anayeanza leo naye anaweza kuanza na dirisha. Mteja akae ubavuni mwa dirisha, pazia jeupe jepesi lilainishe mwanga, na kadibodi nyeupe upande wa pili ipunguze kivuli usoni.

Akipata taa moja ya LED, aijaribu karibu kabla ya kutamani kubwa zaidi. Taa ndogo isiyo na kioo cha kukusanya mwanga, ikisogezwa kutoka mita 2 hadi mita 1, humpa mtu mwanga mara 4 hivi, bila gharama yoyote! Balbu ya njano ya chumbani izimwe, maana rangi mbili za mwanga zikichanganyika huharibu rangi ya ngozi.